Darubini ya Angani Imekataa Kutulia: Uanzie Wapi Kutafuta Hitilafu

Mvuvi akitaka kugeuza ngalawa huchomeka pondo chini akasukuma, au hukata maji kwa kafi. Darubini iliyoko angani haina chini pa kuchomeka pondo, haina maji wala hewa. Hata ungeifungia usukani, usukani huo usingekuwa na kitu cha kukinzana nacho. Pamoja na hayo Hubble, darubini inayoizunguka dunia, yenye urefu wa mita 13 na uzito wa zaidi ya tani 11, hugeuka kutoka nyota hii hadi ile, na ikifika hutulia kiasi kwamba kwa saa 24 haikengeuki zaidi ya sekunde za tao 0.007. Sekunde moja ya tao ni digrii iliyokatwa vipande 3600. Utulivu huo ni kama kumulika sarafu ndogo kwa leza kutoka umbali wa kilomita 320 bila mwanga kutoka nje ya sarafu.

Kinachoigeuza kimo ndani yake. Kuna magurudumu manne mazito, kila moja kama kilo 45, yaliyofungwa kwa pembe tofauti. Mota ikiliongezea gurudumu kasi upande mmoja, mwili mzima wa darubini hujibu kwa kugeuka upande wa pili, polepole. Polepole kweli: ni karibu mwendo wa mshale wa dakika kwenye saa, yaani robo saa kwa digrii 90. Ukitaka kulionja jambo hili, kaa kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka, inua miguu, halafu zungusha kiwiliwili ghafla upande mmoja. Kiti kitakwenda upande mwingine.

Basi darubini inapokataa kulenga, uliza maswali matatu, na uyaulize kwa mpangilio huu. Inajua inaelekea wapi? Inaweza kugeuka? Ina pa kutupa mzunguko uliojilimbikiza ndani yake? Mimi huyaita macho, misuli na jalala. Wengi huanza na misuli kwa sababu ndiyo huharibika kwa kishindo na ndiyo hutajwa kwenye habari. Anza na macho. Misuli mizima ikipewa habari ya uongo huutii uongo huo kwa nguvu zake zote, na kuna chombo kimoja kilichovunjika vipande kwa ajili hiyo. Tutakifikia.

Ukisikia kwamba darubini "imeingia hali ya usalama", usidhani ndiyo hitilafu yenyewe. Hiyo ni dalili tu. Kompyuta yake imeona kitu kisichoeleweka, ikasitisha uchunguzi, ikaelekeza paneli za sola kwenye jua na sasa inasubiri watu wa chini waamue. Imejilaza kusudi.

Dalili: inadai inazunguka kwa kasi, nawe huamini

Kipimo cha mzunguko kimeruka ghafla hadi tarakimu isiyoingia akilini. Kabla ya kuamini, tazama umeme. Chombo kinachozunguka kweli kwa kasi hiyo paneli zake zingepata jua na kulikosa, na umeme ungepanda na kushuka kama taa inayokonyeza. Kama umeme umetulia, mshuku mpimaji, yaani jairoskopu.

Jairoskopu haigeuzi chochote, kazi yake ni kupima tu. Ile ya Hubble ina gurudumu dogo linalozunguka mara 19,200 kwa dakika ndani ya silinda iliyozibwa, na silinda hiyo inaelea katika kimiminika kizito kama oili ya injini. Umeme huingia kwa nyaya nyembamba kuliko unywele zinazopita katikati ya kimiminika hicho. Nyaya hizo ndizo zilizoziua jairoskopu nyingi. Wakati wa kuziunda, kimiminika kilisukumwa ndani kwa hewa iliyoshindiliwa, oksijeni ya hewa hiyo ikabaki humo, na kwa miaka ikazila nyaya hadi zikakatika. Mafundi walipogundua wakaanza kusukuma kwa naitrojeni, na baadaye nyaya zikapakwa fedha. Kosa la dakika chache kiwandani linaweza kukungoja miaka kadhaa.

Hubble ilitengenezwa kufanya kazi kwa jairoskopu tatu, na ilibeba sita ili ziwepo za akiba. Tarehe 13 Novemba 1999 ya nne ilikufa, darubini ikalala hadi wanaanga wa chombo cha Discovery walipofika Desemba hiyo na kuzibadilisha zote sita. Zikabadilishwa tena zote Mei 2009. Tangu Marekani ilipostaafisha vyombo vyake vya shatoli, vilivyokuwa vikipandisha wanaanga na kurudi, mwaka 2011, hakuna fundi aliyepanda tena, kwa hiyo dawa zote sasa hutumwa kwa redio.

Kisa cha kujifunzia ni cha Oktoba 2018. Jairoskopu moja ilikufa tarehe 5, wakawasha ya akiba, nayo ikaripoti mzunguko uliozidi ukweli kwa mbali sana. Wahandisi walianza na dawa ambayo kila fundi wa kompyuta anaijua: waliizima kwa sekunde moja, wakaiwasha. Haikusaidia. Wakashuku kwamba silinda imesogea kutoka katikati ya kimiminika chake na kitu kimeibana. Basi wakaamuru darubini igeuke huku na huku mara kadhaa, huku wakiibadilisha jairoskopu kutoka kipimo cha mwendo mkubwa kwenda cha mwendo mdogo na kurudi, kama mtu anayetikisa chupa ya tomato ili iliyoganda iteremke. Tarakimu zikashuka. Kabla ya mwezi kwisha darubini ilikuwa kazini.

Ndiyo jairoskopu ileile iliyoanza kudanganya tena baadaye, ikailaza darubini mara kwa mara. Ilipoilaza tena tarehe 24 Mei 2024, waliamua kuacha kuibembeleza. Tangu Juni 2024 Hubble inatumia jairoskopu moja na kuweka nyingine akiba. Pengo linazibwa na vihisi vya jua, vipima usumaku wa dunia na kamera za nyota. Gharama yake ni kwamba inachukua muda zaidi kujipanga, na haiwezi tena kufuata kitu kinachokimbia karibu kuliko sayari ya Mars.

Webb, darubini nyingine kubwa iliyo mbali zaidi na dunia, iliondokana na ugonjwa huu kwa kutokuwa na gurudumu ndani ya jairoskopu zake kabisa. Kuna kibakuli cha kwatzi kinachotetemeka, na chombo kikigeuka, mchoro wa mtetemo husogea. Hakuna beringi, wala waya wa kuliwa ndani ya kimiminika.

Dalili: picha ina nyota zilizochora vitanzi

Nyota iliyochora mstari mmoja mnyoofu inakwambia darubini iliteleza upande mmoja. Iliyochora nukta mbili inakwambia iliruka ikatulia. Vitanzi, kama uzi uliodondoshwa sakafuni, maana yake darubini ilikuwa ikipapasa: imepoteza alama yake, inaitafuta, inadhani imeipata, inaipoteza tena.

Hapa huna budi kujua kwamba jairoskopu pekee haziwezi kuleta utulivu wa mwisho. Zinaifikisha darubini mtaani, na nyumba yenyewe hupatikana kwa nyota ya kuongozea. Kihisi maalumu huikazia macho nyota inayojulikana mahali pake, na ikisogea hata kidogo, amri ya kurekebisha hutoka. Katika Webb nyota hiyo hupimwa mara kama 16 kwa sekunde, na marekebisho madogo kabisa hufanywa na kioo kidogo kinachojiinamisha, bila kuusumbua mwili mzima.

Euclid, darubini ya Ulaya iliyorushwa tarehe 1 Julai 2023, ilituma vitanzi hivyo katika miezi yake ya mwanzo. Magurudumu hayakuwa na kosa. Kihisi chake kilikuwa kinakosa nyota za kuongozea kwa vipindi, kwa sababu chembe za mionzi zilizopiga kihisi ziliacha nukta zinazofanana na nyota, na jua lilipochafuka nukta za bandia zikawa nyingi kuliko nyota halisi. Mwanga wa jua uliopenya pasipotakiwa nao ukaongeza vurugu. Dawa ilikuwa programu mpya ya kutofautisha nyota na takataka. Ilijaribiwa kwanza duniani, kisha siku kumi angani, na mwanzoni mwa Oktoba 2023 nyota zikarudi kuwa nukta.

Kwa hiyo ukiona vitanzi, usiombe ripoti ya magurudumu kwanza. Omba orodha ya vitu ambavyo kihisi kimeviita nyota.

Hii siyo dalili

Kuna vyombo vinavyozunguka kwa kupenda. Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa uchunguzi wa anga kwa eksirei, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ndipo ikapata jina hilo. Ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika kama 12, na vyombo vyake vikafagia anga jinsi taa ya mnara wa bandari inavyofagia bahari. Kitu kinachozunguka hushikilia mwelekeo wa mhimili wake, kama pia wanayochezea watoto, kwa hiyo unahitaji vifaa vichache vya kukituliza. Gaia, darubini ya Ulaya, nayo ilijizungusha mara moja kila saa 6. Soma kwanza chombo chako kiliundwa kufanya nini kabla ya kupiga kengele.

Dalili: gurudumu linakula umeme zaidi kwa kasi ileile

Sasa tumefika kwenye misuli. Mota inayohitaji nguvu zaidi leo kuliko jana ili kushikilia mwendo uleule inapambana na msuguano, na msuguano unakaa kwenye beringi. Fundi wa baiskeli angelisikia kwa sikio. Wewe huna sikio huko, una grafu ya umeme na ya joto.

Kepler, darubini ya Marekani ya kutafuta sayari za nyota nyingine, ilirushwa Machi 2009 ikiwa na magurudumu manne. Ilihitaji matatu ili kukazia macho kipande kilekile cha anga kwa miaka, ikihesabu mififio midogo ya nyota pale sayari zinapopita mbele yake. La kwanza lilikufa Julai 2012. Januari 2013 jingine likaanza kukaza, wakalipumzisha siku kumi wakitumaini grisi itajisambaza upya. Lilipata nafuu ya muda. Mei 2013 likasimama, na Agosti juhudi za kulifufua zikaachwa.

Mbona beringi zilizotengenezwa kwa uangalifu namna ile zife mapema? Maelezo yaliyochapishwa na wahandisi wa magurudumu mwaka 2017 yananiridhisha kuliko mengine: dhoruba za jua huleta chaji ya umeme kwenye chombo, chaji hiyo ikaruka kupitia gololi za chuma za beringi, na kila cheche ikaacha kovu dogo. Makovu yakizidi, msuguano unapanda. Gololi za seramiki hazipitishi umeme, na ndizo zinazopendekezwa sasa.

Uamuzi uliofuata ndio ninaoupenda kuliko yote katika fani hii. Magurudumu mawili hutuliza pande mbili, ya tatu inabaki inayumba, na kinachoiyumbisha hasa ni mwanga wa jua. Mwanga unasukuma. Kidogo mno, lakini bila kukoma. Paneli za Kepler zilikaa kama mapaa mawili yanayokutana kwenye mgongo wa nyumba, basi wakaielekeza darubini kwa namna ambayo mwanga unaanguka sawasawa pande zote mbili za mgongo huo. Kilichokuwa kinaisumbua kikageuka kuwa gurudumu la tatu. Mizani hiyo haikuwa kamili, chombo kiliteleza polepole, kwa hiyo roketi zake ndogo zilikirudisha kila baada ya saa kama 6. Kulikuwa na sharti: ingeweza kulenga tu kwenye ukanda wa njia ambayo jua na sayari huonekana kupita, na baada ya siku kama 80 ilipaswa kuhamia shamba jingine ili jua lisiingie machoni. Kuanzia 2014 ilifanya kazi hivyo kwa miaka minne zaidi.

FUSE, darubini nyingine ya Marekani, iliwahi kupita njia ya namna hiyo. Mwishoni mwa 2001 ilipoteza magurudumu mawili kati ya manne, na wahandisi wakaandika upya programu ili fito zake za sumaku zishike nafasi ya yaliyokufa. La tatu lilipokufa Desemba 2004, wakaiandika tena. Iliendelea na gurudumu moja hadi nalo likasimama Julai 2007.

Dalili: magurudumu ni mazima, lakini kasi zao zinapanda siku hadi siku

Huu ni ugonjwa wa jalala. Msukumo wa jua, na kwa vyombo vya karibu na dunia pia mvutano wa dunia usio sawa na mabaki ya hewa ya juu, hujaribu kukizungusha chombo daima. Gurudumu hukataa kwa kuongeza kasi. Likifika kikomo chake haliwezi kukataa tena, na darubini itaanza kugeuka wakati hakuna aliyeiamuru. Lazima umwage mzunguko huo nje mapema.

Hubble humwaga kwa sumaku. Ina fito ndefu zilizozungushiwa nyaya, ukipitisha umeme zinakuwa sumaku na kuegemea usumaku wa dunia, kama sindano ya dira inavyofanya. Haina roketi yoyote, na hilo ni la makusudi: moshi ungechafua kioo. Webb iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ambako sumaku ya dunia haifiki kwa nguvu ya kutosha, kwa hiyo inamwaga kwa roketi ndogo, na kila mmwago unakula mafuta. Kinga yake ya jua ya mita 21 kwa 14 inakamata mwanga kama tanga, ndiyo maana nyuma yake kumefungwa ubao mdogo wa kusawazisha msukumo. Mpangilio wa ratiba nao ni dawa: ukilenga upande huu wiki hii na upande ule wiki ijayo, jua hulipa lenyewe sehemu ya deni lililolileta.

Kasi zikipanda haraka kuliko ratiba inavyoeleza, tafuta kinachosukuma: valvu inayovuja gesi, au paneli isiyokaa pembe yake.

Dalili: mtikisiko unaokuja kwa saa yake

Ukitokea mara mbili kila chombo kinapoizunguka dunia, tazama saa za kuingia na kutoka kivulini. Hubble ilipoanza kazi mwaka 1990, fito zilizobeba paneli zake za sola zilijikunja na kujinyoosha kwa mabadiliko ya joto kila ilipovuka kutoka usiku kwenda mchana, na darubini nzima ikatetemeka. Kosa maarufu la kioo lilimeza habari zote za wakati ule, hata watu wengi hawajui kwamba kulikuwa na kosa hili la pili. Paneli zilibadilishwa Desemba 1993. Moja ya zile za zamani ilikuwa imepinda kiasi kwamba haikukunjika kurudi nyumbani, na mwanaanga Kathryn Thornton akaiachilia ielee zake.

Dalili: inazunguka kweli, na kila dawa inaizidishia

Acha dawa. Rudi kwenye macho.

Hitomi ya Japani ilirushwa tarehe 17 Februari 2016 kuchunguza eksirei. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi, baada ya kugeuka kuelekea shabaha mpya, kamera ya nyota haikutoa habari kwa wakati na kompyuta ikashika kipimo kibovu cha mzunguko: digrii 21.7 kwa saa. Chombo kilikuwa kimetulia. Magurudumu, yakiwa mazima kabisa, yakaanza kuuzuia mzunguko usiokuwepo, na kwa kufanya hivyo yakauleta. Sumaku za kumwaga hazikufaulu kwa sababu chombo hakikuwa kimekaa upande zilizoutarajia, magurudumu yakakaribia kikomo. Kompyuta ikaona hatari ikakimbilia ulinzi wa mwisho, roketi ndogo. Lakini tarakimu za kuziongoza, zilizotumwa wiki chache nyuma, zilikuwa na makosa. Roketi zikaongeza mzunguko badala ya kuukata, hadi paneli za sola zikang'oka. Tarehe 28 Aprili wakakata tamaa.

Hakuna kifaa hata kimoja cha kugeuzia kilichoharibika kwanza. Vihisi vya jua vilikuwemo chomboni, ila mfumo haukuvitegemea kuuliza kama jua bado liko pale pale. Ndiyo maana nilikwambia utazame umeme wa paneli kabla ya lolote.

Dalili: kila kitu ni kizima, ila roketi hazijibu

Tangi limekauka, na dawa ya hilo haipo. Kepler ilifika hapo, ikastaafishwa rasmi tarehe 30 Oktoba 2018 baada ya kupata sayari zaidi ya 2,600. Gaia, iliyojirekebisha kwa vipuli vidogo vya gesi ya naitrojeni, ilimaliza uchunguzi Januari 2025 gesi ilipokaribia kwisha. Kilichobaki kutumika kiliisukuma kwenye njia ya kulizunguka jua, mbali na vyombo vingine. Kuizima kulikuwa kazi, kwa kuwa ilitengenezwa kujiamsha yenyewe kila ilipopata hitilafu. Waliondoa kinga moja baada ya nyingine, sehemu ya programu zake za akiba ikafutwa kwa kuandikwa juu yake majina ya watu wapatao 1,500 walioifanyia kazi, na tarehe 27 Machi 2025 redio yake ikazimwa.